Waya wa Kijivu

Viorica alikuwa akipanga meza yake ya kutengenezea redio, bisibisi huku, nyaya kule, alipokuta waya mwembamba wa kijivu ambao haukuwa wake.

Aliufuata kwa vidole. Upande mmoja ulipanda nyuma ya kabati hadi kwenye tundu la dari. Upande wa pili ulijificha chini ya meza, na mwishoni kulikuwa na kipaza sauti kidogo cha kunasia maneno, kama kifungo cha shati.

Mdogo wake akaingia anatafuna mkate. "Dada, achana na hayo makorokoro! Mashua imepatikana. Jumapili tunatoroka, tunavuka mto Danubi, na walinzi wa mpaka watabaki wametukodolea macho!"

Viorica akamziba mdomo kwa kiganja. Kijana akacheka, akidhani ni utani, mpaka alipooneshwa kile kipaza sauti.

"Mlevi we!" Viorica akasema kwa sauti kubwa, akiinamia chini ya meza. "Hiyo pombe ya plamu itakutia wazimu. Nenda kalale!"

Wakatega masikio.

Juu yao, kule waya ulikoelekea, kiti kikaburutwa. Mlango ukafunguliwa, na viatu vikaanza kushuka ngazi.