Neno la Mwisho kwa Somo

Msichana akivunja ungo hupewa somo wake, sauti ya ukutani inayomfunda na kumtibu yeye peke yake. Somo hana macho. Huamini neno la mwisho aliloambiwa. Hedhi ikikoma, humpa hongera, kisha hunyamaza moja kwa moja.

Somo wa Mwanakheri alishanyamaza. Mkojo ulimchoma, na mumewe alipomkaribia alihisi wembe. Akaumeza uchungu wake, akauita uzee.

Binti yake Zuhra, mwenye mimba ya miezi minane, hakuvumilia. Alisimama mbele ya ukuta wa somo wake, akayasema maumivu ya mama kana kwamba ni yake mwenyewe.

"Si uchafu wala laana, mwanangu," somo alijibu. "Homoni zimepungua, ngozi ya ukeni imekuwa kavu na nyembamba. Pakaa krimu hii, utapata nafuu."

Kopo likatoka ukutani. Mama akalipokea huku akilia.

"Hongera, Zuhra. Umekoma hedhi. Kwaheri."

"Somo, nina mimba!"

Kimya.

Uchungu ulipomshika, Zuhra aliupiga ukuta kwa viganja. Mama yake, aliyekwishapata nafuu, alimshika mabega akamwambia asukume. Wala mama hakujua kama wakati wa kusukuma umefika.