Mwenye Sura Hii Hajambo?

Tunu aliilaza negativu ya picha ya marehemu mamake kwenye kioo cha skana. Kwa sheria, asiyeridhia kwa sauti yake hufutwa pichani, na wafu hawaongei.

"Mwenye sura hii hajambo?" skana iliuliza.

"Hajambo," alijibu, kama watu wanavyojibu hata kukiwa na msiba ndani.

"Mwite aridhie."

Tunu akageukia mlango. "Mama!" aliita.

"Abee!" Bintiye, aliyerithi jina la bibi na kuitwa mama tangu azaliwe, akaja mbio.

"Sema naridhia, mama."

"Naridhia."

Skana ikamtazama mtoto, kisha ikatoa picha.

"Mbona nimevaa nguo za bibi?"

Tunu akafumba macho aikumbuke sura ya mamake. Ikamjia ya bintiye.