Mkanda wa Mama

Ikifika arobaini, marehemu hufutwa kwa mtandao kwenye kila picha. Ndiyo sheria: lieni siku arobaini, kisha mrudi kazini. Leo mama yangu ametoweka kwenye simu yangu na kwenye fremu ya umeme ya sebuleni. Kimebaki kiti chake cha kamba, kitupu.

Chai haijachemka, mkaguzi wa mtaa akabisha hodi.

"Pole na msiba, dada Kalunde. Nasikia una kamera ya kizamani."

"Ninayo."

Ni ya baba, nzito kama tofali, ile ya kuzungusha lenzi kwa mkono mpaka uso uonekane sawasawa.

"Ulimpiga picha mama yako?"

"Nilimpiga."

Nikampa, akaigeuzageuza akitafuta kioo cha kuonyesha picha. Alipokikosa, akafungua kifuniko cha nyuma palepale juani, akauvuta mkanda wote wa picha, akacheka.

"Mbona hamna kitu!"

Mkanda ambao haujasafishwa kwa dawa ukipigwa na mwanga, picha zote zinaungua.

Alipoondoka akiwa ameridhika kwamba hamna kitu, nikamtoa mama chini ya gunia la mchele. Mkanda wake niliusafisha wiki tatu zilizopita, nikachapa picha moja kubwa. Anacheka, na pengo lake linaonekana.

Mkanda uliounguzwa ulikuwa na picha zangu mimi, na ndio uliokuwa wa mwisho; mikanda haiuzwi tena. Niliuacha humo makusudi, maana kamera tupu ingemfanya apekue nyumba.

Mimi nitafutwa siku yangu ikifika. Mama nimemtundika ukutani, mkabala na mlango.