Ndege Aitwaye Kidoti

Mhariri alikuwa anafungasha virago ofisini alipoufungua tena ule ukurasa wa mtandaoni. Ensaiklopidia yao haikuwa na mnunuzi. Siku hizi watu wanajiandikia ensaiklopidia wenyewe mtandaoni, bure.

Zamani, ili kuwanasa wezi wa maandishi, kampuni ilimwagiza atunge ndege mmoja wa uongo, amchomeke kati ya wale wa kweli, ili atakayemnakili ajulikane. Alikuwa ametoka kumzika binti yake. Basi ndege akamwita Kidoti, jina la utani la mtoto, akaandika: huogopa radi, hulala amejifunika uso.

Wezi wakanaswa kweli, Kidoti akaingia mtandaoni. Mhariri hakumshtaki mtu. Alikuwa akienda kumsoma Kidoti tu.

Leo juu ya ukurasa palikuwa na tangazo: “Ukurasa huu utafutwa. Hakuna ushahidi kwamba ndege huyu aliwahi kuishi. Mwenye pingamizi aandike hapa.”

“Mzee, vitabu vyote vimeshapakiwa, vinakwenda kusagwa,” mpiga chapa aliita kutoka mlangoni. “Tufunge?”

“Ngoja kidogo, ndugu yangu.”

Yeye aliyezeekea kufuta uongo wa wengine, kidole bado kina doa la wino mwekundu, akadonoa herufi moja moja:

“Aliishi. Mimi mwenyewe nilimbeba.”