Askari Mwenye Sauti Yangu

Siku hizi visanamu vya mchezo hujifunza sauti na utani wa mmiliki wake. Mimi huvinunua vilivyotumika na kuviuza kimoja kimoja kwenye kiduka changu cha mtandaoni, na sikuona ubaya wowote mpaka niliporudi likizo kutoka shule ya bweni.

Askari wangu mwenyewe, kisanamu cha urefu wa kidole gumba nilichokiacha nyumbani, alikuwa mezani, ubavuni mwa Mama, mahali pangu.

"Mama, mtu wa bweni kaingia," alisema kwa sauti yangu. "Ficha chapati!"

Mama alicheka hadi machozi.

"Huo utani ni wangu!" nililalamika.

"Acha wivu, mwanangu. Huyu ndiye aliyenichekesha muhula mzima."

Basi, kwa unyenyekevu wa mtu aliye msibani, nilimpiga picha askari na kumtangaza dukani kwa bei ya kutupa. Papo hapo simu ikalia: ameuzwa. Nilishangilia, nikasoma jina la mnunuzi, kisha nikamtazama Mama, ambaye alikuwa na simu yake mkononi.

"Mfunge vizuri, muuzaji," alisema kwa upole. "Asije akavunjika."

Nilipofunika kiboksi, sauti yangu ilinitakia safari njema ya kurudi shule.