Nafasi ya Kumi na Mbili

Ngumi ya kwanza ilimpata Muema akiwa bado na kijiko mkononi. Ya pili ilimwangusha pamoja na kiti. Kisha likaja pigo la kikaango cha chuma, likamvunja taya.

Ilikuwa saa moja asubuhi, jikoni, katika fleti moja ya Parramatta, ughaibuni. Aliyekuwa akimpiga ni Ntwari, rafiki aliyeishi naye miaka mitatu na ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Walisoma uhandisi darasa moja. Ntwari ndiye aliyepika maharage waliyokula usiku uliotangulia.

Alipoona damu inamjaa Muema kinywani, Ntwari alitupa kikaango, akamlaza rafiki yake ubavu asisongwe, akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Alitaja jina lake na anwani. Kisha akaacha mlango wazi na kutoka.

Rispah, dada yake Muema, alikuwa muuguzi katika hospitali ya Westmead. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia zamu mgonjwa alipopitishwa mbele yake kwa machela. Alimtambua kwa viatu, maana uso haukutambulika.

Jioni taya ilikuwa imefungwa kwa waya. Kesho yake asubuhi Rispah alimpa mdogo wake daftari na kalamu, akamtaka aandike jina la aliyempiga ili apelekewe polisi.

Muema aliandika: "Sikumwona."

Rispah aliichana karatasi hiyo vipande. Mtu apigwe mezani kwake, kumekucha kabisa, asimwone anayempiga? Watu wa gari la wagonjwa walikuwa wameshamwambia nani alipiga simu. Na sababu aliijua, au aliamini anaijua.

Vijana wale wawili walikuwa wameomba kuingia katika programu ya wanafunzi bora wa uhandisi. Huchukuliwa kumi na wawili tu, kila mmoja na profesa wake na mwaka mzima wa utafiti. Muema alikuwa amewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Jumanne, siku moja kabla ya kipigo, alipata barua pepe kwamba nafasi moja imepatikana, na kwamba anatakiwa kujibu kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa. Kwa hesabu ya Rispah, Ntwari alikuwa amekosa, na wivu ukampanda kichwani.

Mama yao kule Machakos alikuwa ameshawaambia majirani. Mwenye habari njema tu ndiye ambaye hakuifurahia. Jumanne ile alimwambia dada yake kwa simu kwamba huenda akaiacha nafasi hiyo, kwamba utafiti ni mzigo, kwamba afadhali amalize na wenzake wa kawaida. Rispah alimkemea.

"Hukuvuka bahari uje kuwa wa kawaida," alimwambia.

Alhamisi mchana Rispah alikwenda kwenye fleti kumchukulia nguo. Alimkuta Ntwari amepiga magoti jikoni na ndoo ya maji, akisugua damu iliyokauka sakafuni. Ntwari aliinuka, akamwamkia kwa heshima, akauliza kama Muema ameanza kula.

Swali hilo ndilo lililommaliza Rispah. Kikaango kilikuwa bado chini ya dirisha. Alikiokota, akampiga nacho begani, kisha mbavuni. Ntwari aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa, na mfupa ukalia. Rispah alikuwa ameuguza waliovunjika kwa miaka kumi na mmoja. Sauti ile aliijua. Akapiga tena palepale.

Ntwari hakurudisha pigo. Aliteleza ukutani mpaka akakaa katika maji ya damu, ameukumbatia mkono wake.

"Alikukosea nini?" Rispah aliuliza, akihema.

"Kumpiga nilikosa, dada. Hayo mengine muulize mwenyewe."

Rispah aliona hayo ni maneno ya mtu anayetafuta kisingizio. Akawaita polisi. Walipofika, Ntwari alikiri kila kitu kabla hajaulizwa mara mbili. Waliuliza mkono umevimbaje. Alisema aliuumiza mwenyewe, wakati akimpiga mwenzake. Rispah alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, na hakufungua kinywa.

Ijumaa, ikiwa imebaki robo saa nafasi ifungwe, aliketi kando ya kitanda cha Muema akamsimulia yote, hata la mkono. Alisema bila shaka Ntwari atashtakiwa, na baada ya hapo huenda akarudishwa kwao. Muema alifumba macho. Machozi yalimtiririka hadi masikioni. Rispah alidhani ni maumivu.

Alifungua ile barua pepe kwenye simu ya mdogo wake, akamwonyesha pa kubonyeza. Muema alitikisa kichwa.

"Usimwogope tena," Rispah alimwambia. "Amekuvunja taya. Hii hataivunja."

Muema alijaribu kumnyang'anya simu. Rispah aliushika mkono wake, akaukandamiza godoroni kwa nguvu, kama wanavyoshikwa wagonjwa wanaong'oa mipira ya dripu, na kwa kidole gumba cha mkono wake wa pili akabonyeza kukubali. Jibu lilikuja palepale. Karibu, Muema. Wewe ni wa kumi na mbili.

Alimbusu kwenye paji la uso, akauachia mkono.

Muema alilivuta daftari. Kalamu ilitoboa karatasi, akaanza upya kwenye ukurasa mwingine.

"Nafasi ilikuwa ya Ntwari. Aliacha kompyuta wazi, nikawajibu kwa jina lake kwamba haitaki."