Rangi ya Vifaranga

Tangu mwewe wapewe haki ya kula, kuwafukuza kwa kupiga madebe kulikuwa kosa. Basi Nyamizi akafanya alivyofundishwa na mamaye: akawapaka vifaranga rangi ya zambarau, mwewe wasiwatambue. Wakapona wote tisa.

Mkaguzi wa mwewe alipofika, akakunja uso. "Bibi, huku ni kuwanyima chakula. Waoshe."

"Na nyinyi mnaowakuza mwewe mwaka hadi mwaka, mwanangu, mnataka wafikie ukubwa gani?"

"Waoshe, bibi."

Mwenye nguvu mpishe. Akawaosha. Kufika adhuhuri kuku alikuwa akiita wanawe peke yake, na kivuli kilichopita uani kilikuwa kipana kama mkeka.

Nyamizi akakoroga rangi iliyobaki. Akampakata mjukuu wake wa miaka miwili, akaanza kumpaka utosini.